Watoto Wasio na Kwao: Habari za Skuli za Kwanza za Misheni katika Mji wa Unguja

Siku za Jubilei ni desturi yetu kuhesabu makanisa yaliyojengwa, maaskofu waliotuongoza, na makasisi waliopewa daraja takatifu. Ni vema kufanya hivyo, maana mwacha asili ni mtumwa. Walakini katika hesabu hiyo wako wanaosahauliwa upesi, nao ni watoto. Kwa hiyo nataka kuwasimulia habari za watoto wa kwanza waliofundishwa na Misheni hapa Unguja, ili tujue kazi hii ilianzia kwa nani.

Askofu Tozer na Dr. Steere walifika Unguja mwezi wa Agosti, mwaka 1864. Misheni ilikuwa imetoka katika nchi ya mto Shire, ambako Askofu Mackenzie alifariki mwaka 1862, na wenzake wengine walikufa kwa homa. Walipofika mjini walikaa katika nyumba ya Shangani, nao hawakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Wenyeji wa mji walikuwa Waislamu, na watoto wao walikuwa na vyuo vyao, wakisoma Kurani mbele ya walimu wao. Hawakuwa na haja ya skuli ya wageni. Basi, mwaka ule ule, Sultani Majid akawapa watoto watano wanaume waliokamatwa katika jahazi lililochukua watumwa. Hao watano ndio darasa la kwanza.

Sasa tutazame hali ya mtoto wa namna hii. Kule Mkunazini, ndani ya mji, palikuwa na soko la watumwa. Mtoto aliyefikishwa pale alikuwa ametoka mbali sana, pengine Unyasa, pengine nchi ya Wayao, ametembea kwa miguu mpaka pwani, kisha akapakiwa jahazini pamoja na wengi wengine. Mama yake hakumwona tena. Lugha ya kwao haikuwa na wa kuisikia. Wengine walitekwa wangali wadogo mno, hata hawakuweza kusema kwao ni wapi. Twasema mtoto maskini ni yule asiye na chakula wala nguo. Lakini hawa walikosa na jambo jingine, yaani mtu wa kuwaita mwanangu.

Hayo hatuyajui kwa kusikia tu. Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, na ndani yake mna habari zilizoandikwa na wavulana wa skuli wenyewe. Waliandika kwa Kiswahili jinsi walivyotekwa na walivyouzwa mkono kwa mkono hata wakafika Unguja, naye akazifasiri kwa Kiingereza. Enyi walimu, fikirini neno hili. Mtoto amefundishwa kushika kalamu, na katika kazi za kwanza za kalamu ile ni kueleza maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe. Sokoni aliulizwa bei, wala hakuna aliyemwuliza habari zake.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Kiwanja cha soko la Mkunazini kikapatikana kwa Misheni, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa. Dr. Steere, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1874, aliisimamia kazi ile mwenyewe, na Noeli ya mwaka 1877 watu wakasali ndani yake kwa mara ya kwanza. Mapokeo yasema kwamba altare imesimama pale pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa.

Lakini kufungwa kwa soko hakukukomesha biashara ile mara moja. Majahazi yaliendelea kupita usiku kwa siri, na manowari ya Kiingereza iitwayo London, iliyotia nanga bandarini tangu mwaka 1874 hata 1883, iliyakamata mengi. Watoto waliookolewa waligawanywa. Wavulana wengi walipelekwa Kiungani, kusini ya mji. Wasichana walipelekwa Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaitunza skuli ya Mbweni hata mwaka 1902, wala hakurudi kwao kupumzika uzeeni, bali alikaa Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926.

Walimu wale walijifunza upesi kwamba mtoto wa namna hii hawezi kuanza kwa kitabu. Kwanza alishwe, avikwe, vidonda vyake vitibiwe. Kisha ajifunze Kiswahili, apate kusema na mwenziwe aliyetoka nchi nyingine. Ndipo herufi zifuate. Kwa hiyo skuli ilikuwa nyumba kabla ya kuwa skuli, na wanafunzi wakawa ndugu kwa kuwa hawakuwa na ndugu wengine.

Matunda yalionekana. Katika wale watano wa kwanza walikuwamo John Swedi na George Farajallah, waliofanywa mashemasi wadogo mwaka 1870. Naye John Swedi akapewa ushemasi kamili mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa angali mtoto, alisoma Kiungani, na mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika Misheni hiyo, akaenda kuwafundisha Wayao wenzake huko Chitangali.

Majina hayo twayataja kwa furaha. Lakini haki yatutaka tuseme na neno la pili. Waliokuwa wepesi wa kusoma walichaguliwa kuwa walimu; waliokuwa wazito walitiwa katika kazi za mikono au za shamba, na majina yao hatuyasikii. Huenda mwingine alikuwa mzito kwa sababu ya njaa ya zamani, au kwa hofu aliyoileta kutoka jahazini, wala si kwa upungufu wa akili. Tena wakubwa wengi waliogopa vishawishi vya mjini, wakapenda kuwalea watoto mbali nao. Basi mtoto akapata ndugu ndani ya ua wa Misheni, akabaki mgeni nje yake. Waliofanya hayo walifanya kwa upendo. Hata hivyo upendo nao waweza kukosea njia, na Jubilei si siku ya kujisifu tu.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuifuta hali ya utumwa katika sheria. Tangu hapo uhitaji ukabadili sura. Watu wengi waliokuwa watumwa walikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, wakitafuta riziki kwa kazi za mikono, na watoto wao walikuwa na wazazi, lakini wazazi wasio na kitu. Skuli ya Kiungani ilihamishiwa Minaki, bara, mwaka 1925. Hata baada ya Mapinduzi, tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ikatangaza elimu bila malipo kwa watoto wote wa Unguja na Pemba, na skuli za Misheni zikaingia mikononi mwa Serikali. Jambo hilo tulishukuru, maana mlango uliokuwa wazi kwa wachache ulifunguliwa kwa wote.

Basi, je, kazi yetu imekwisha? Hapana, ndugu zangu. Mlango ukiwa wazi, bado yuko mtoto asiyeweza kuufikia. Yuko auzaye karanga njiani saa ya darasa. Yuko aketiye nyuma kimya kwa sababu hakula tangu jana, na mwalimu amdhania mjinga. Yuko aliyeachwa kwa bibi mzee asiyeweza kumnunulia daftari. Mwalimu asomapo majina asubuhi, asiishie kutia alama kwa asiyekuwapo. Na aulize yuko wapi, na mtaa wenyewe wa kanisa umtume mtu kwenda kumtazama.

Tupigapo magoti katika Kanisa Kuu la Mkunazini, twapiga magoti mahali ambapo watoto walisimamishwa wauzwe. Mwenyezi Mungu atujalie tusimpite mtoto hata mmoja tutokapo mlangoni.