Kiungo cha Sindano na Bomba Lake

Mtu aendapo hospitali kudungwa sindano, macho yake huiangalia ncha tu, maana ndiyo iumayo. Ni nadra kumwona mgonjwa akiitazama sehemu ya nyuma, pale sindano ikutanapo na bomba lake. Walakini historia ya chombo hiki, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kiungo hicho, ambacho ni chembamba kuliko punje ya hindi.

Mwaka 1844, katika mji wa Dublin nchini Ireland, daktari Francis Rynd alimtibu mwanamke aliyeteswa na maumivu makali ya uso kwa kupitisha dawa chini ya ngozi. Chombo chake hakikuwa na pistoni. Dawa iliteremka kwa uzito wake yenyewe. Mwaka 1853 Charles Gabriel Pravaz, wa Lyon, Ufaransa, alitumia bomba la fedha ambalo pistoni yake ilisogezwa kwa kuzungushwa kama skurubu. Mwaka huohuo Alexander Wood, wa Edinburgh, alichagua kioo ili aione dawa iliyomo, akawapa wagonjwa wake mofini. Madaktari wengi wa zama zile walidhani kwamba mofini ipitayo katika sindano haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Wagonjwa si haba waliilipia dhana hiyo.

Sindano za mwanzo zilifungwa kwa hesi, na kila fundi alichonga hesi zake apendavyo. Ilikuwa kazi ya polepole. Karibu na mwisho wa karne ya 19, nyumba ya Luer mjini Paris ilitoa bomba la kioo kitupu lenye mdomo uliochongoka kidogo. Sindano ilibanwa tu mdomoni, ikashika. Siri yake ni hesabu: unene wa mdomo hupungua kwa asilimia 6, yaani katika urefu wa milimita 100 kipenyo kingepungua milimita 6. Ungechongoka zaidi, sindano ingeteleza. Ungechongoka kidogo mno, isingebanduka kwa urahisi. Mwaka 1898 kampuni ya Becton, Dickinson ilinunua haki ya kuliuza bomba hilo Marekani.

Mnamo 1906 Dewitt na Herz wa Berlin walileta bomba la Record, lenye kioo nje na pistoni ya chuma. Lilikuwa imara, likapendwa sana Ulaya. Lakini mdomo wake ulikuwa mwembamba kuliko ule wa Luer. Hebu fikiri, msomaji: muuguzi ana bomba la aina moja na sindano za aina ya pili, na mgonjwa amelala mbele yake! Ilibidi kutengeneza viungo vya kati vya kuzipatanisha aina hizo mbili.

Kiungo cha kubana nacho kilikuwa na ila yake. Dawa nzito ikisukumwa kwa nguvu, sindano huweza kufyatuka. Kwa hiyo, katika miaka ya 1920, Fairleigh Dickinson alibuni ukosi wenye hesi kuuzunguka mdomo, na sindano ikafungwa kwa kuzungushwa kidogo. Hesi zilirudi, ila sasa kwa kipimo kimoja. Bomba la insulini kwa kawaida halina kiungo kabisa: sindano imegandishwa humo moja kwa moja, maana mililita 1 ya insulini ya kawaida ina vipimo 100, na tone libakilo kiungoni ni dawa iliyopotea.

Bomba la kioo lilichemshwa na kutumiwa tena na tena. Mwaka 1956 Colin Murdoch, mfamasia wa Timaru, New Zealand, alibuni bomba la plastiki la kutumika mara moja na kutupwa. Lakini palipo na uhaba watu hawatupi, na bomba lililorudiwa limeeneza homa ya ini na UKIMWI. Ndiyo sababu, mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani na wenzake walihimiza chanjo zote zitolewe kwa mabomba yajifungayo yenyewe baada ya matumizi ya kwanza. Mabomba ya namna hiyo hutengenezwa hata hapa kwetu, Kilifi.

Kazi ya mafundi sasa imegeuka. Kwa kuwa kipimo cha Luer kilienea kila mahali, mrija wa chakula uliweza kuungwa na mrija wa mshipa wa damu, na watu wakafa. Mwaka 2001, huko Nottingham, Uingereza, kijana aliyetibiwa saratani ya damu alifariki kwa sababu dawa ya vinkristini, ipasayo kuingia mshipani, iliingizwa katika uti wa mgongo. Bomba liliingia barabara katika sindano isiyo yake. Hapakuwa na kitu cha kumzuia daktari. Mwaka 2016 zilitolewa kanuni za kimataifa zenye kiungo cha namna yake kwa mirija ya chakula, na kingine, chembamba kuliko cha Luer, kwa sindano za uti wa mgongo.