Kura, Mlolongo na Tume: Historia ya Shaka ya Mpiga Kura katika Likoni, Kisauni na Changamwe

Utangulizi

Neno kura, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana yake katika Kiswahili kabla ya kuwako vyama vya siasa. Watu waliogawana mafungu, au walioshindwa kukata shauri kwa mazungumzo, walipiga kura ili bahati iamue. Maana ya pili, yaani kumteua kiongozi kwa hiari, iliingia baadaye na kulikalia neno hilohilo. Maana hizi mbili hazipatani. Ya kwanza yategemea nasibu, na ya pili yategemea nia ya mwenye kuchagua. Makala haya yanachunguza jinsi historia ya uchaguzi katika maeneo matatu ya Mombasa yaliyo nje ya kisiwa ilivyomrudisha mpiga kura kwenye maana ile ya kwanza, na jinsi maneno yenyewe yalivyoihifadhi safari hiyo.

Maeneo hayo ni Likoni, iliyo ng'ambo ya kivuko upande wa kusini. Kisauni, iliyo kaskazini baada ya daraja la Nyali. Na Changamwe, iliyo magharibi baada ya Makupa, penye reli, kiwanja cha ndege na viwanda. Yote matatu yamekuwa makao ya wenyeji wa asili na ya wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine za Kenya kufuata kazi za bandari. Kwa sababu hiyo mashindano ya siasa huko hayakuwa ya vyama tu. Yalikuwa pia ya kuamua nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, na ardhi ni ya nani.

Imepata kusemwa mara nyingi kwamba mtu wa Pwani hapendi kupiga kura kwa sababu ya uvivu au ujinga wa mambo ya dola. Hoja ya makala haya ni kinyume cha hiyo. Shaka ya mpiga kura huyu ni aina ya kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inaweza kupewa tarehe.

Majimbo: neno lililozimwa likarudi

Kabla ya uhuru, mustakabali wa Mwambao ulijadiliwa kwa maneno mengi. Baadhi ya watu walitaka ukanda wa maili kumi uwe na utawala wake mbali na Kenya. Wengine, wakiongozwa na Ronald Ngala wa chama cha KADU, walitaka majimbo, ambamo kila sehemu ingesimamia ardhi yake na mambo yake. Mwezi Oktoba 1963 serikali za Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, na uhuru ulipatikana Desemba mwaka huo chini ya katiba yenye majimbo. Lakini Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, na majimbo yakafa upesi.

Kwa mwanahistoria wa lugha jambo hili lina uzito. Neno majimbo halikufa pamoja na taasisi yake. Lilibaki kama jina la kitu kilichoahidiwa na kisha kuondolewa bila wenyeji kuulizwa upya. Liliporudi majukwaani mwaka 1991, wakati wa kudai vyama vingi, halikuwa tena jina la muundo wa serikali peke yake. Katika vinywa vya baadhi ya wanasiasa lilikuwa limebeba tishio la kuwafukuza watu walioitwa wageni.

Mlolongo na «wapende wasipende»

Mlolongo kwa asili ni safu ya watu au vitu vinavyofuatana. Mwaka 1988 neno hilo lilipata maana ya kisiasa isiyosahaulika. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria tangu 1982, wanachama walitakiwa kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa, na kura ya siri haikufanywa tena mahali hapo. Malalamiko yalienea nchi nzima kwamba safu fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Foleni ikishatawanyika, haikubaki karatasi yoyote ya kuhesabiwa upya. Ushahidi wenyewe ulikwenda nyumbani kwa miguu.

Katika Mombasa kipindi hicho kina usemi wake. Shariff Nassir, mwenyekiti wa KANU wa tawi la Mombasa na mbunge wa mjini tangu 1974, alijulikana nchini kote kwa maneno «wapende wasipende». Kwa sarufi, usemi huu ni vitenzi viwili vya hali ya kutaka, kimoja cha kukubali na kimoja cha kukanusha, vilivyowekwa pamoja ili visibatilishe neno lolote. Apendaye na asiyependa wana hukumu moja. Ni vigumu kupata muhtasari mfupi zaidi wa uchaguzi ambao matokeo yake hayategemei mchaguzi. Watu waliuchukua usemi huo wakautumia kwa mzaha katika mambo ya kila siku, na mzaha huo ulikuwa njia ya kusema lililokuwa hatari kusemwa waziwazi.

Mlolongo ulifutwa, na mwisho wa mwaka 1991 katiba ilirekebishwa ili vyama vingine viruhusiwe. Hata hivyo funzo lilikuwa limekwisha kuingia: mtu anaweza kuhesabiwa bila kuhesabika.

Mwaka 1992: fedha, dini na kamati ya kwanza

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Mombasa ilikuwa na harakati ya Islamic Party of Kenya, iliyonyimwa kuandikishwa, na mapambano ya vijana wake na polisi yaliutikisa mji mwaka huo. Nchini kote fedha zilimwagwa kwa wingi usiokuwa umeonekana. Noti ya shilingi 500 ilipewa na watu jina la «Jirongo», kutokana na Cyrus Jirongo aliyeongoza kikundi cha vijana wa KANU kilichoitwa YK'92. Kashfa ya Goldenberg, ambamo hazina ya taifa ililipa fidia kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa nje, ilianza wakati huohuo, ingawa wananchi waliijua baadaye.

Methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi yaeleza vizuri uhusiano uliozaliwa hapo. Mpiga kura aliyeona kwamba kura yake haileti maji wala hatimiliki alijifunza kupokea kilichoko mkononi kabla ya siku ya uchaguzi. Haifai kumtoa lawamani kabisa. Aliyepokea noti alishiriki katika biashara hiyo. Lakini bei ya kura hushuka pale mwenye kuiuza anapoamini kwamba haina kazi nyingine.

Mwaka huohuo Changamwe ilihusika katika jambo jingine lisilokumbukwa ipasavyo. Mbunge wake, Kennedy Kiliku, aliongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya. Bunge hilo lilikuwa limepatikana kwa mlolongo wa 1988, na juu ya hayo kamati ilithubutu kuwataja wakubwa serikalini. Bunge halikuipitisha ripoti. Miaka mitano baadaye moto ambao mbunge wa Changamwe alikuwa ameuchunguza mbali uliwaka ng'ambo ya bandari yake mwenyewe.

Kaya Bombo, 1997

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la washambulizi lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha kivukoni, likaua askari polisi na kuchukua bunduki. Baada ya hapo nyumba na vibanda vya watu wa bara vilichomwa. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika majuma yaliyofuata, na wapatao 100,000 walikimbia makao yao. Wengi wao walipata hifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni.

Washambulizi hao walijulikana kwa jina la Kaya Bombo, msitu ambamo walikula kiapo na kufanya mazoezi. Kaya kwa Wamijikenda ni mahali patakatifu penye makaburi, maombi na sheria za wazee. Hivyo jina la mahali pa amani likawa jina la kundi la silaha, na hasara hiyo ya lugha haikuwa ndogo kwa wenyewe.

Vijana walioapishwa walikuwa na malalamiko ya kweli: ardhi bila hati, kazi za bandari zilizokwenda kwa wengine, shule haba. Waliahidiwa majimbo. Lakini waliokimbizwa walikuwa katika jamii zilizodhaniwa kuupigia kura upinzani, na uchaguzi ulikuwa umebaki miezi minne. Wengi wa waliojiandikisha Likoni hawakurudi kupiga kura tarehe 29 Desemba. Malalamiko ya haki yalitumiwa kwa kazi isiyo ya haki, na walioyatumia hawakuyatatua.

Matokeo ya Likoni yalikuwa na kinaya. Kiti hakikwenda kwa KANU. Kilichukuliwa na Suleiman Shakombo wa chama cha Shirikisho, chama ambacho jina lake ni tafsiri nyingine ya fikra ya majimbo, na ambacho hakikupata kiti kingine nchini. Waliokuwa wamebaki walitumia kura kusema walichotaka. Nafasi hiyo moja haikuweza kubadili lolote Bungeni.

Tume

Tume ni neno la mzizi mmoja na mtume: ni jambo la kutumwa. Anayetumwa anatazamiwa kurudi na jawabu. Mwaka 1998 serikali iliunda tume ya majaji watatu chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila, ya Likoni yakiwamo. Ripoti ilikabidhiwa 1999, lakini haikutolewa kwa umma mpaka Oktoba 2002. Ilipendekeza baadhi ya wanasiasa na maofisa wachunguzwe zaidi. Hakuna kiongozi mkubwa aliyehukumiwa kwa damu ya Likoni.

Baadaye zilifuata nyingine. Tume ya Ndung'u ilichunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kumaliza kazi mwaka 2004. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake Mei 2013, na makamishna watatu wa kigeni waliikataa sura ya ardhi jinsi ilivyochapishwa, wakisema kwamba aya zinazohusu ardhi ya Pwani zilibadilishwa kwa shinikizo. Kwa hiyo tume, ambayo kwa asili ni ya kuleta habari, katika fikra za watu iligeuka kuwa kaburi la habari.

Tumaini la 2002 na baada yake

Yafaa ikumbukwe kwamba shaka hii si tabia ya kuzaliwa. Desemba 2002 viti vyote vinne vya Mombasa vilikwenda kwa muungano wa NARC, na Shariff Nassir mwenyewe alishindwa. Watu waliodaiwa kuwa wavivu walijitokeza walipoona kwamba kura ingeweza kuondoa serikali. Lakini kufikia 2004 kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya usalama na makampuni hewa, ilikuwa imeihusisha serikali mpya na desturi ya zamani.

Kutoka kukata tamaa huko ilipata nguvu harakati ya Mombasa Republican Council, na usemi wake «Pwani si Kenya». Ilipigwa marufuku 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaondoa marufuku hiyo Julai 2012. Harakati iliwataka watu wasusie uchaguzi wa 2013. Usiku wa kuamkia siku ya kura, 4 Machi, askari polisi waliuawa karibu na Changamwe. Serikali iliilaumu harakati hiyo, nayo ikakana.

Ahadi za baada ya hapo zilifuata kalenda. Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta aligawa hatimiliki Likoni kwa maskwota wa shamba la ekari zipatazo 930, na baada ya shangwe ikafahamika kwamba kila mmoja alitazamiwa kulipa shilingi 182,000. Machi 2017, miezi mitano kabla ya uchaguzi, kivuko cha Mtongwe kilizinduliwa upya, mahali ambapo watu 272 walikufa maji Aprili 1994. Siku hiyo Gavana Hassan Joho alizuiwa na polisi asihudhurie. Wavukao walibaki watazamaji wa ugomvi wa wakubwa.

Hitimisho

Tarehe 9 Agosti 2022 takribani asilimia 44 tu ya waliojiandikisha katika kaunti ya Mombasa walipiga kura, kiwango cha chini kuliko kaunti zote, wakati taifa zima lilifikia kama asilimia 65. Kura ya ugavana haikufanywa siku hiyo, kwa kuwa karatasi zilichapwa kwa makosa. Ilifanywa tarehe 29. Wengi walitafuta sababu katika juma hilo. Maneno yaliyochunguzwa hapa yaonyesha kwamba sababu zilianza mbali zaidi: majimbo yaliyofutwa 1964, safu zisizohesabiwa 1988, wakimbizi wasiopiga kura 1997, ripoti iliyofichwa miaka mitatu.

Ugatuzi wa katiba ya 2010 umeleta sehemu ya kile kilichoitwa majimbo, na hilo ni jambo la kweli. Lakini neno jipya halilipi deni la neno la kale. Kwa uchaguzi ambao katiba imeuweka Agosti 2027, kumhubiria mkazi wa Likoni juu ya wajibu wake wa kiraia ni kuanza hesabu mwishoni. Ahadi ni deni, na daftari la madeni liko katika lugha yake. Kura itakuwa tena tendo la hiari siku atakapoona tume moja imerudi na jawabu, na hati moja haikusubiri mwaka wa uchaguzi. Mpaka hapo, kwake kupiga kura ni kurusha vijiti na kungoja bahati, naye hana kosa la sarufi.