Simu na Redio ya Gari, Uunganishaji wa

Kuunganisha simujanja na redio ya gari ni kuweka mawasiliano kati ya simu ya dereva na mtambo wa dashibodi unaosimamia spika, kipaza sauti na skrini, ili dereva aweze kuzungumza, kusikiliza muziki na kufuata ramani bila kushika simu mkononi. Mtambo huo siku hizi ni kompyuta kamili, na watengenezaji huuita mfumo wa habari na burudani. Hata hivyo wenye magari na mafundi wa Afrika Mashariki wameendelea kuuita redio, na jina hilo ndilo linalotumika hapa.

Njia iliyoenea zaidi ni Bluetooth, teknolojia ya mawimbi ya umbali mfupi iliyoanza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi mwaka 1994, ikapewa jina la Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kabla ya kuwasiliana, simu na redio hazina budi kuoanishwa, yaani kutambulishana na kuwekeana ufunguo wa siri ambao kila upande huuhifadhi, na ndiyo maana siku zinazofuata vifaa hivyo huungana vyenyewe mara gari linapowashwa. Redio za zamani huomba namba ya siri, aghalabu 0000 au 1234, ilhali za baadaye huonyesha tarakimu sita ambazo dereva huhakikisha kuwa ndizo zilizo kwenye simu yake. Upande mmoja ukifuta ufunguo na mwingine ukabaki nao, muungano hukataliwa, na dawa yake ni kufuta pande zote mbili na kuanza upya.

Malalamiko mengi hutokana na kudhani kwamba Bluetooth ni makubaliano mamoja, kumbe ni mengi, na kila moja, linaloitwa wasifu, lina kazi yake: lipo la mazungumzo ya simu, lipo la muziki, lipo la kuamuru nyimbo kwa vitufe vya usukani, na lipo la kuhamisha orodha ya majina. Redio iliyoundwa kwa wasifu wa mazungumzo pekee itapokea simu vizuri na bado haitatoa wimbo hata mmoja, wala hilo si ubovu ambao fundi anaweza kuutengeneza.

Android Auto ya Google na CarPlay ya Apple, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2014, hufuata njia tofauti. Hapa simu ndiyo inayofanya kazi yote na kuipelekea redio picha iliyokwisha kuchorwa, nayo redio huirudishia simu habari za mahali kidole kilipogusa na sauti ya dereva. Ndiyo sababu ramani hubaki mpya hata gari likizeeka. Kwa kawaida muungano huo hupitia kebo ya USB, na kebo yenyewe hustahili kutazamwa kwanza, kwani kebo ya kawaida ina nyaya mbili za umeme na mbili za data, lakini zipo za bei nafuu zenye nyaya za umeme tu, ambazo huchaji simu huku skrini ikikaa kimya. Katika magari yanayoungana bila waya, Bluetooth hutambulisha tu, kisha picha husafirishwa kwa Wi-Fi.

Magari yaliyotumika Japani, ambayo hushushwa kwa wingi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, yana matatizo yake. Menyu zake huwa kwa Kijapani, ingawa mara nyingi neno Bluetooth huachwa katika herufi za Kilatini na kumwongoza mgeni. Redio nyingi hukataa kuoanisha simu mpaka gari lisimame na breki ya mkono ivutwe. Na baadhi hujifunga kabisa betri ikiondolewa, zikadai namba maalumu ya kufungulia. Kwa redio isiyo na Bluetooth hutumika kirushio kidogo cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kwa kuwa redio za zamani za Kijapani hupokea megahezi 76 hadi 90, na virushio vingi huanzia 87.5, ni ukanda mwembamba kati ya 87.5 na 90 tu unaovikutanisha, na ndani ya ukanda huo huo hutafutwa mahali pasipo na kituo cha utangazaji.

Orodha ya majina iliyohamishwa inaweza kubaki ndani ya redio hata baada ya simu kuondoka, pamoja na namba zilizopigwa na mahali palipotafutwa kwenye ramani. Kwa hiyo gari linapouzwa au kurudishwa kwa mwenye kulikodisha, kufuta simu kwenye orodha ya vifaa vya redio, na kuirudisha redio katika hali ya kiwandani pale inaporuhusu, hufanyika kabla ya funguo kukabidhiwa.