Dada Wawili wa Jane Austen: Hulka na Historia

Mwalimu mwenzangu, tunapofundisha wahusika mara nyingi huridhika na orodha ya sifa: huyu mpole, yule ana pupa. Hebu tuitazame Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa Uingereza mwaka wa 1811 bila jina la mwandishi.

Elinor, mwenye umri wa miaka 19, huzificha hisia zake. Mdogo wake Marianne, wa miaka 16, huzianika hadharani. Mhakiki wa haraka atahitimisha kwamba mkubwa ana busara na mdogo hana. Lakini je, baba yao alipofariki, nini kiliwapata? Nyumba na ardhi ya Norland vilimwendea kaka yao wa mama mwingine. Mama na mabinti watatu wakabaki na pauni 500 kwa mwaka. Kwa binti wa tabaka lao, ndoa ndiyo iliyokuwa riziki.

Kwa hivyo, Willoughby anapomwacha Marianne na kumwoa msichana mwenye pauni 50,000, jeraha si la moyo pekee. Naye Elinor, aliyeitunza siri ya uchumba wa Edward na Lucy kwa miezi minne, anampenda Edward huyo huyo. Kimya chake si ukosefu wa hisia; ni ngao ya mwanamke asiye na mali.

Basi tusimwulize mwanafunzi nani bora kati ya dada hawa. Tumwulize kila hulka ilimgharimu nini mwenyewe katika jamii ile. Hapo ndipo uhakiki unapoanza.