KUCHAJI GARI LA UMEME UKIVUKA MPAKA: mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Juzi pale stendi ya Kibiti ulizuka ubishi. Jamaa mmoja anataka kuagiza gari la umeme la mtumba kutoka Japani, apige ruti mpaka Kenya. Mwenzake akamuuliza: "Kaka, ukishavuka Namanga utachajia wapi?" Kila mtu akaja na lake. Mimi nikaingia kafe nikasoma, na haya ndiyo niliyopata. Hifadhi ukurasa huu, utakusaidia.

UMEME WENYEWE UNAVUKA

Ajabu ni kwamba umeme hauna shida na mpaka. Bwawa la Julius Nyerere, hapo juu kwenye mto wetu Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, wa mwisho ukakamilika 2025. Umeme unatoka pale kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze na kuingia gridi ya Taifa.

Desemba 2024 ikawashwa laini nyingine ya kilovolti 400, kutoka Singida kupitia Arusha na Namanga mpaka Isinya, Kenya. Kenya nayo inapokea umeme wa Ethiopia tangu 2022. Yaani umeme wa Rufiji unaweza kwenda Nairobi bila pasipoti. Linalokwama ni gari, na linakwamishwa na makufuli matatu.

KUFULI LA 1: PLAGI

Kuna kuchaji taratibu na kuchaji haraka.

Taratibu ni kwa soketi ya ukutani. Soketi yetu ya pini 3 bapa ndiyo hiyo hiyo ya Kenya, Uganda na Malawi. Burundi, Kongo na Msumbiji wanatumia zaidi pini za duara. Kwa hiyo ukipita njia yetu ya kusini mpaka Mtambaswala, ukavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010, beba adapta nzito, siyo ile ya kuchajia simu. Ila ujue soketi ya ukutani inatoa kama kilowati 2.3 tu. Betri ya kilowati-saa 24 itakula saa 10 na zaidi. Unalala hapo hapo!

Haraka ni kwa mashine maalum, na hapo ndipo dunia imegawanyika. Wajapani wana plagi ya CHAdeMO, Ulaya wana CCS2, Wachina nyumbani kwao wana GB/T. Hazifanani hata kidogo, moja haiingii kwenye nyingine. Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani ni CHAdeMO. Ukikuta kituo cha CCS2 peke yake, utaishia kukiangalia.

Halafu pima na umbali. Leaf za mwanzo kabisa, za 2011, zilipimwa Marekani zikiwa mpya na kupewa kilomita 117 kwa chaji moja. Dar mpaka Kibiti ni kama kilomita 140. Piga hesabu mwenyewe.

KUFULI LA 2: MALIPO

Tokeni ya LUKU ya mita yako haiingii kwenye mita ya jirani, si ndiyo? Vituo vingi vya kuchaji duniani vilianza hivyo hivyo. Kila kampuni na programu yake ya simu na akaunti yake, na mgeni hana chake.

Dawa yake ipo. Uholanzi walianzisha OCPP mwaka 2009, lugha ya pamoja ya mashine ya kuchajia kuongea na kompyuta ya mwenye kituo. Nyingine inaitwa OCPI, ya kampuni moja kuongea na kampuni nyingine: "Huyu ni mteja wangu, mpe umeme, nitakulipa." Na tangu 13 Aprili 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vituo vipya vya umma vipokee malipo ya mtu yeyote anayepita, hata kama hana mkataba na kampuni.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mnaikumbuka Celtel? Septemba 2006 walianzisha One Network: laini yako ya Tanzania unaitumia Kenya na Uganda kama uko nyumbani, na vocha unanunua huko huko. Afrika Mashariki tulifanya hayo mapema. Na tangu 2015 M-Pesa ya Vodacom hapa inatumiana hela na ya Safaricom kule. Njia ya kupitisha pesa tunayo tayari.

KUFULI LA 3: BETRI YENYEWE

Hili ni la wana bodaboda. Pikipiki nyingi za umeme, kama za Ampersand huko Rwanda na Kenya, hazisubiri chaji. Unafika kituoni, unatoa betri iliyokwisha, unapewa iliyojaa. Raha sana! Lakini betri ni mali ya kampuni, na mara nyingi haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Ukivuka kwenda nchi ambayo kampuni yako haina kituo, umebaki na chuma cha kusukuma.

KABLA HUJATOA HELA, ULIZA:

1. Gari lina plagi gani ya haraka? Omba picha ya tundu lenyewe.
2. Kwenye ruti yako kuna mashine za plagi hiyo, na moja mpaka nyingine ni kilomita ngapi?
3. Naweza kulipa kwa simu bila kujisajili?
4. Betri ni yangu au ya kukodi? Naruhusiwa kuvuka nayo mpaka?

Na wewe unayewaza kufungua kituo hapa Kibiti, maana Dar–Lindi–Mtwara wote wanapita hapa, usikubali kuuziwa mashine inayosikiliza kampuni moja tu. Dai inayotumia OCPP na yenye plagi zaidi ya moja. Kampuni ikifunga virago, mashine yako iendelee kufanya kazi.

Mto ni wa kwetu, umeme unatoka kwetu. Itakuwa aibu ukifika Nairobi kabla yetu, halafu sisi tumekwama Namanga kwa ajili ya plagi.

Aliyewahi kuvuka mpaka na chombo cha umeme atupe ushuhuda hapo chini. Tuelimishane.