Waliokwepwa na Bingwa

Mei 21, 1891, San Francisco, Peter Jackson na James J. Corbett walizichapa raundi 61. Mwishoni walikuwa wamechoka kiasi kwamba mwamuzi alisimamisha pambano bila kumpa mtu ushindi. Mwaka uliofuata, Corbett alipewa nafasi ya kumvaa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, John L. Sullivan, mjini New Orleans, akamlaza raundi ya 21. Jackson hakupewa kitu. Alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa visiwa vya Karibi aliyejifunzia ngumi Australia, na Sullivan alishatangaza mbele ya watu wote kwamba hapandi ulingoni na mweusi. Corbett naye alipoupata ubingwa, hakumrudia mtu yule waliyeshindana naye raundi 61. Jackson alifariki mwaka 1901 kwa kifua kikuu, huko Queensland.

Mimi ni mpangaji wa mapambano Dar es Salaam, kazi niliyoianza nywele zikiwa bado nyeusi, kwa hiyo najua jinsi bondia anavyokwepwa. Ukimpigia simu meneja, swali la kwanza halihusu malipo. Anauliza, "Huyo ni mashoto?" Kisha urefu, kisha amewamaliza wangapi kwa KO. Malipo huja mwisho. Ukiona meneja analalamikia malipo kabla hujataja kiasi, ujue ameshaulizia mahali pengine na majibu yamemtia baridi. Hofu ya bondia haisemwi. Hutafutiwa jina jingine. Huku kwetu huitwa malipo, au mkono umeteguka. Marekani, kwa muda mrefu, iliitwa rangi.

Jack Johnson alikivunja kizuizi hicho cha rangi kwa kumfuata bingwa Tommy Burns hadi Sydney, ambako promota Hugh McIntosh alimpa Burns pauni 6,000. Bei ilipofika hapo, rangi haikuwa tatizo tena. Desemba 26, 1908, polisi waliingilia kati raundi ya 14 ili Burns asiendelee kuumizwa, na Johnson akawa bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu. Lakini naye aliposhika mkanda akajifunza kukwepa. Sam Langford, ambaye Johnson alimshinda kwa pointi mwaka 1906 Langford akiwa mwepesi zaidi yake kwa mbali, aliomba pambano la marudiano na hakulipata kamwe. Pesa ilikuwa kwa Wazungu waliosakwa kila kona ili wamng'oe Johnson. Langford alimalizia maisha akiwa haoni, tena maskini.

Bingwa Jack Dempsey alifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1926 makamishna wa ngumi wa New York walisema mpinzani wake lazima awe Harry Wills, bondia mweusi aliyekuwa akisubiri kwa miaka. Promota Tex Rickard hakubishana nao sana. Alilihamishia pambano Philadelphia, akamweka Gene Tunney, na watu zaidi ya 120,000 wakajaa uwanjani Septemba 23 kumwona Dempsey akivuliwa ubingwa kwa pointi. Wills alikuwa ameshavuka miaka 35, na zamu yake ikaishia hapo.

Mkataba ninaouhusudu kama mpangaji ni wa mwaka 1937. Bingwa alikuwa James Braddock, na mpinzani halali alikuwa Max Schmeling wa Ujerumani, aliyemlaza Joe Louis raundi ya 12 mwaka mmoja kabla. Meneja wa Braddock, Joe Gould, alipiga hesabu. Wayahudi wa New York walikuwa wametangaza kususia pambano la bondia kutoka Ujerumani ya Hitler, kwa hiyo viingilio vingekuwa haba. Halafu mkanda ukivuka kwenda Berlin, nani angeurudisha? Louis, kwa upande wake, angejaza uwanja. Gould akambana promota wa Louis, Mike Jacobs, mpaka akakubali kutoa asilimia 10 ya faida yake katika mapambano ya ubingwa wa uzito wa juu kwa miaka 10.

Juni 3, Schmeling alikwenda kupima uzito New York kama mkataba wake ulivyosema, na bingwa hakutokea. Makamishna walimtoza Braddock faini ya dola 1,000, pesa ndogo kwa mtu aliyekuwa na karatasi ile mfukoni. Juni 22, huko Chicago, Braddock alimwangusha Louis raundi ya kwanza, kisha yeye akalazwa raundi ya 8. Louis aliutetea mkanda mara 25, na Braddock akawa na fungu lake hata baada ya kutundika glovu. Sijaona kipigo kilicholipa vizuri kuliko kile.

Ili kuzuia ujanja wa namna hiyo, vyama vya ngumi viliweka mpinzani wa lazima: aliye juu kwenye orodha sharti apewe zamu, la sivyo bingwa anavuliwa. Tatizo ni kwamba sasa vyama vikubwa ni vinne, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila kimoja kina mpinzani wake. Mei 2024 Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury na kukusanya mikanda yote minne. Mwezi uliofuata akauachia ule wa IBF, kwa sababu mkataba wa marudiano na Fury uligongana na zamu ya Daniel Dubois.

Wakati mwingine anayechaguliwa kwa wepesi ndiye anayeua. Mwaka 2019 Jarrell Miller alinaswa kwa dawa zilizopigwa marufuku, na nafasi yake dhidi ya Anthony Joshua akapewa Andy Ruiz, mnene ambaye wengi walimcheka. Juni 1, New York, alimwangusha Joshua mara nne, pambano likaisha raundi ya 7.

Kwa hiyo kijana akiniletea rekodi ya bingwa na kuniuliza kama kweli alikuwa mkali, siangalii idadi ya KO. Namwambia atafute nani alikuwa wa kwanza kwenye orodha miaka ile, kisha aone kama jina la mtu huyo limo kwenye rekodi ya bingwa. Riddick Bowe alikuwa fundi, lakini Desemba 1992, jijini London, aliutupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka badala ya kufuata masharti ya kukutana na Lennox Lewis. Huyo Lewis ndiye aliyemsimamisha raundi ya pili katika fainali ya Olimpiki ya Seoul, 1988. Katika ngumi za kulipwa hawakuonana hata mara moja, na kwangu mimi pambano hilo lisilokuwepo linahesabika dhidi ya Bowe.