Logo moja au saba? Mzee wa 1986 alishamaliza ubishi

Kuna dizaina mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, wiki hii kalia sana. Mteja kamwambia "nitengenezee logo kadhaa nichague". Kijana kakesha, kamtumia saba WhatsApp. Jibu lililorudi: "Chukua rangi ya ile ya kwanza, maandishi ya ile ya tano, halafu niongezee mbili." Bei ileile!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1971, kule Oregon, Marekani, mwanafunzi wa chuo Carolyn Davidson alipewa kazi ya kuchora alama ya viatu. Akapeleka michoro kadhaa. Wenye kampuni hawakupagawa na hata mmoja, ila muda uliwabana, wakachagua. Ndiyo ile tiki ya Nike unayoivaa. Alilipwa dola 35. Ilipofika 1983 ndipo kampuni ikamkumbuka kwa hisa na pete ya almasi.

Sasa njoo 1986. Steve Jobs ameshatoka Apple, ana kampuni mpya inaitwa NeXT. Akamfuata Paul Rand, mzee wa miaka 70 na ushee, aliyechora logo ya IBM. Jobs akaomba aletewe michoro kadhaa. Mzee akagoma! Msimamo wake: mimi natatua tatizo lako, wewe unalipa, kuitumia au kutoitumia ni juu yako. Unataka ya kuchagua? Nenda kwa wengine.

Akaleta logo moja tu, na kijitabu kinachoeleza hatua kwa hatua alivyoifikia. Bei dola 100,000. Jobs akaipokea.

Lakini usikurupuke. Rand alikuwa na IBM mkononi tangu 1956, miaka 30 ya jina. Wewe ukimgomea mteja wa saluni kesho, unalala njaa. Na tiki ya Nike ilitoka kwenye rundo la michoro, ikatesa dunia nzima. Kwa hiyo siri haiko kwenye idadi.

Siri ni kile kijitabu. Dizaina wetu alituma picha saba bila neno hata moja, mteja akabaki kuchagua kwa macho kama yuko mnadani. Mimi nasema peleka mbili au tatu, kila moja na sababu yake, idadi mkubaliane kabla, na advansi iingie kwanza.

Wewe huwa unapeleka ngapi? Funguka hapo chini.